Tunalipwa "Peanuts"? Kamuulize Mama Mdogo wa Chuno

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa nyumbani Chuno, Mtwara mjini, kwa mapumziko mafupi. Jioni umeme umekatika, tumekaa barazani. Mama mdogo yuko kwenye kigoda chake, karai liko motoni, anageuza karanga kwenye mchanga wa moto kama anavyofanya tangu niko darasa la pili. Mimi niko kwenye simu na rafiki yangu wa Dar, mwandishi mwenzangu, tunalalamikia malipo. Mnajua tena mambo ya waandishi wa kujitegemea. Unasafiri kwa nauli yako, unalala kwa ndugu, unaandika mpaka usiku wa manane, halafu mwisho wa mwezi unapewa fedha ambayo haifikii hata vocha uliyoitumia kuitafuta hiyo habari. Basi nikasema kwa sauti ya juu: "Aisee, hawa jamaa wanatulipa peanuts!"

Nilipokata simu mama mdogo akaniuliza, "Wanakulipa nini?"

"Peanuts, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni... ni karanga."

Akaacha kugeuza. "Gazeti linakulipa karanga?"

Nikacheka. Nikamweleza kuwa huo ni msemo wa Kiingereza tu, mtu akisema analipwa karanga ana maana analipwa hela ndogo, hela isiyo na maana. Mama mdogo akaniangalia, akaliangalia karai lake, akaniangalia tena.

"Kumbe," akasema. "Basi na wewe nilikusomesha kwa hela isiyo na maana."

Akaendelea kugeuza karanga zake. Mimi nikakosa pa kuficha uso.

Ni kweli. Sare zangu za shule, madaftari, nauli ya kwanza ya kwenda Dar, vyote vilitoka kwenye karai lile. Usiku ule sikupata usingizi vizuri, na si kwa sababu ya mbu. Nikaanza kujiuliza: hili neno tulilolichukua kwa Mwingereza na Mmarekani na kulitia katika mazungumzo yetu ya kila siku, limetoka wapi? Na kwa nini sisi watu wa Mtwara, kati ya watu wote duniani, ndio tulitumie hivi hivi bila kufikiri? Maana kama kuna mji ambao haufai kuiita karanga kitu kidogo, ni huu.

Twende taratibu.

NENO LENYEWE

Mwingereza ana majina mawili ya karanga. La kwanza ni "peanut", ambalo limeunganishwa na neno la njegere na neno "nut", yaani kokwa yenye ganda gumu. La pili ni "groundnut", kokwa ya ardhini. Wamarekani wanapenda la kwanza. Waingereza wa enzi za ukoloni, hasa wakizungumzia zao la biashara huku Afrika, walitumia zaidi la pili. Shikeni hilo jina la pili, tutalihitaji baadaye.

Wataalamu wa mimea watakwambia kwamba karanga si "nut" hata kidogo. Ni jamaa ya maharage, kunde na njegere. Jina la "kokwa ya ardhini" ndilo lenye ukweli zaidi, kwa sababu karanga ina tabia ya ajabu. Ua lake huchanua juu ya ardhi kama maua mengine. Likishachavushwa hunyauka, kisha hutoka kikonyo ambacho hurefuka, huinama, na kujichimbia udongoni. Huko chini, gizani, ndiko ganda na punje hukua. Kwa hiyo mkulima yeyote wa karanga anajua sharti la kwanza: udongo uwe laini. Udongo ukiwa mgumu, kikonyo hakiingii, na hata kikiingia, siku ya kung'oa utaacha nusu ya mavuno chini. Nalo hilo lishikeni.

Sasa imekuwaje zao lenye tabia nzuri hivi ligeuke jina la dharau? Sababu yake ni rahisi tu: bei. Huko Marekani katika karne ya 19 karanga za kukaanga ziliuzwa mitaani, kwenye sarakasi na kwenye kumbi za maonyesho, zikiwa kitafunwa cha bei ya chini kabisa. Viti vya juu nyuma kabisa ya ukumbi, vilivyokuwa vya bei poa na vyenye kelele nyingi, vikapewa jina la jukwaa la karanga. Mtu mdogo asiye na cheo akaitwa karanga. Siasa za kugombania mambo madogo madogo zikaitwa siasa za karanga. Kufikia karne ya 20, fedha kidogo nayo ikawa "peanuts". Wana hata msemo wao: ukilipa karanga utapata nyani. Yaani ukimlipa mtu vibaya, utapata mfanyakazi mbovu. (Mhariri fulani ninayemfahamu angefaa abandikiwe msemo huu ukutani. Ila hapo nyani ni mimi, kwa hiyo tuuache.)

Hata katuni maarufu ya Charles Schulz, ile ya kijana Charlie Brown na mbwa wake Snoopy, iliyoanza kuchapishwa Oktoba 1950, ilipewa jina la "Peanuts" na kampuni iliyoisambaza magazetini. Schulz mwenyewe hakulipenda jina hilo maisha yake yote. Aliona linaidharau kazi yake, linaifanya ionekane kitu kisicho na maana. Mwenye kazi anajua kazi yake ina thamani gani. Anayeipachika jina ni mwingine.

Na huku kwetu? Sisi tuna majina yetu, na hayana dharau. Kabla ya karanga hii tunayoijua, Waafrika walikuwa na njugu mawe, ile punje ya mviringo ngumu inayochemshwa, ambayo asili yake ni hapa hapa Afrika na ambayo nayo huzaa chini ya udongo. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliileta Afrika kuanzia karne ya 16, na Waswahili wakaiona ni ndugu wa njugu yao, wakaiita njugu nyasa. Jina "karanga" wapo wanaolihusisha na kitenzi kukaranga, ambacho ni namna nyingine ya kusema kukaanga. Angalieni tofauti: Mmarekani alipoliangalia punje hili akawaza bei. Mswahili akawaza jamaa zake na jinsi ya kulipika.

Na tunalipika kweli. Kisamvu kikiungwa kwa karanga hapa Mtwara, mgeni hata akiwa ameshiba atakaa chini tena. Kuna kashata za karanga za kunywea kahawa chungu. Kuna karanga mbichi wanazotafuna wanaume wa Dar kwa mihogo mibichi na nazi, kwa sababu zao wanazozijua wenyewe na ambazo wake zao wanazijua zaidi. Hakuna mahali hata pamoja hapo karanga ina maana ya kitu bure.

KARANGA ZA PAUNI MILIONI 36

Sasa turudi kwenye lile jina la pili, "groundnut". Ukilitamka mbele ya Mwingereza mwenye umri mkubwa anayefuatilia siasa, kuna uwezekano asifikirie kabisa chakula. Atafikiria Tanganyika. Atafikiria fedha za umma zilizoteketea. Neno hilo katika siasa za Uingereza liligeuka mfano wa mpango mkubwa wa serikali ulioanguka vibaya. Na mpango huo ndio uliouzaa mji ninaotoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa hoi. Chakula kilikuwa kwa mgawo, na mafuta ya kupikia, siagi bandia na sabuni vilikuwa adimu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini: tulime karanga kwa mashine, mashamba makubwa mno, Afrika Mashariki. Serikali ya chama cha Labour chini ya Clement Attlee ikavutiwa. Ikatumwa timu ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka angani. Wakarudi wakasema inawezekana.

Februari 1947 mpango ukatangazwa rasmi. Ekari 3,210,000. Mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Kati ya hayo, 80 yawe Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama takriban pauni milioni 24. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 zipatikane tani 600,000 za karanga kwa mwaka. Huko Uingereza, wanajeshi waliotoka vitani wakajitokeza kwa maelfu kuomba kazi. Vita vilikuwa vimekwisha, sasa wanakwenda kupigana na pori. Waziri wa Chakula, John Strachey, akawa ndiye mtetezi mkuu wa mradi.

Maeneo ya Tanganyika yalikuwa matatu: Kongwa kule Dodoma, Urambo kule Tabora, na Nachingwea huku kwetu Jimbo la Kusini. Zaidi ya nusu ya mpango mzima ilikusudiwa ije huku Kusini. Lakini huku hakukuwa na reli wala bandari ya kueleweka, kwa hiyo wakaanzia Kongwa.

Kilichotokea Kongwa kinaweza kujaza kitabu, na kweli mwaka 1950 Alan Wood, aliyekuwa akishughulikia habari na uenezi katika mradi huo huo, alikiandika. Kwa ufupi ni hivi. Matrekta yaliyopatikana yalikuwa mabaki ya vita, mengi yakiwa yamechoka kabla hata hayajashuka melini. Vifaru vya kivita aina ya Sherman viligeuzwa vikawa matrekta. Minyororo mizito ikafungwa kati ya trekta na trekta ili kung'oa miti. Miti ikang'oka, lakini mizizi ikabaki chini na kuvunja majembe. Mibuyu ikagoma, na nyuki waliomo ndani yake wakawatoa madereva mbio. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizokuwa tayari ni kama 7,500 tu.

Halafu kuna udongo. Mnakumbuka nilisema karanga inataka udongo laini? Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikikatika na jua likiwaka, unakauka kama tofali. Na mvua ya Kongwa si ya kuitegemea. Wagogo walioishi pale vizazi na vizazi walikuwa wanafuga ng'ombe na kulima nafaka zinazostahimili ukame. Hawakufanya hivyo kwa uvivu. Ardhi ilikuwa imeshawafundisha. Lakini katika hesabu zote zile za ekari na tani, maarifa yao hayakuwa na safu yake. Wala hakukuwa na shamba dogo la majaribio kwanza. Haraka ilikuwa kubwa mno.

Na wafanyakazi Waafrika walilipwa nini? Ah, hapo ndipo lile neno la Mmarekani lingefaa. Mji wa Kongwa uliota ghafla, bei za chakula zikapanda, mishahara haikupanda hivyo. Septemba 1947 mgomo ulioanzia kwa wapakuaji wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa kufuata njia ya reli, na wafanyakazi wa mradi wa karanga Kongwa nao wakagoma. Mradi wa mamilioni ya pauni, na wavuja jasho wake wanagoma kwa sababu ya chakula! Kama hiyo haitoshi kukufanya ucheke na kulia, sijui nini kitatosha.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakubali yaishe. Takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mwanahistoria John Iliffe amelinganisha kiasi hicho na matumizi ya serikali nzima ya Tanganyika toka 1946 hadi 1950. Vilikuwa karibu sawa. Soma tena hapo. Shule zote, hospitali zote, barabara zote na mishahara yote ya nchi nzima kwa miaka mitano, vingeweza kulipwa kwa fedha iliyopotelea kwenye karanga.

Halafu tunasema karanga ni hela ndogo.

BANDARI ISIYO NA KARANGA

Wakati Kongwa inaanguka, huku kwetu ndoto ilikuwa inaanza. Kabla ya hapo mji wa sehemu hizi ulikuwa Mikindani, mji mkongwe wa majahazi, wenye milango ya nakshi na Boma la Mjerumani. Mtwara ilikuwa kijiji cha wavuvi kando ya ghuba. Lakini ghuba ile ina kina, na mradi wa karanga ulitaka bandari ya meli kubwa. Kazi ya bandari ikaanza mwaka 1948. Mji ukachorwa upya: barabara pana, viwanja vikubwa, nafasi kati ya sehemu na sehemu kana kwamba wakazi wengi wako njiani wanakuja. Mgeni akija Mtwara leo huwa anashangaa, mbona mji umetawanyika hivi? Jibu ni kwamba ulipimwa kwa vipimo vya zile ekari milioni tatu.

Ikajengwa na reli ya kwenda Nachingwea, takriban kilomita 200 kutoka hapa.

Sasa angalieni mpangilio wa tarehe. Mradi umefutwa mwaka 1951. Bandari imekamilika mwaka 1954. Yaani bandari ya karanga ilifunguliwa karanga zikiwa zimeshazikwa miaka mitatu! Reli ikasogezwa hadi Masasi mwaka 1958, labda ipate mizigo. Haikupata ya kutosha. Kufikia 1963 ilikuwa imefungwa, na vyuma vyake viking'olewa. Waulizeni watu wa makamo wa Mtwara: hawajawahi kuiona treni mkoani kwao, lakini wazee wao waliipanda. Ni nchi chache ambazo babu anamsimulia mjukuu habari za treni kama kitu cha zamani.

Lakini ardhi haiachi kitu kipotee hivi hivi. Kule Nachingwea, mashamba na majengo yaliyoachwa na mradi yakapata kazi nyingine. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha FRELIMO kiliweka pale kambi yake kuu ya mafunzo, na eneo hilo mpaka leo linaitwa Farm 17, namba ya shamba la mradi wa karanga. Kongwa nayo ikapokea wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Samora Machel alifundishia askari wake Nachingwea, na mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru. Karanga ya Mwingereza haikuota, ikaota nyingine ambayo hakuipanda.

Na wakulima wa Kusini? Wao hawakungoja minyororo wala vifaru. Walipanda mikorosho. Mti mmoja mmoja, kwa jembe la mkono, nyuma ya nyumba na kando ya mihogo. Korosho nayo ililetwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, na Mwingereza nayo anaiita "nut" wakati si "nut" halisi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Kisha watu wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali porini, bei zikawa mbaya, magonjwa yakaingia, na kufikia 1986/87 zao likashuka hadi kama tani 16,500. Wakulima wakainua tena polepole, mpaka msimu wa 2017/18 zikapita tani 313,000. Angalieni vizuri: kila zao liliposhuka, mkulima alikuwa ameamuliwa na mtu mwingine. Lilipopanda, alikuwa shambani kwake.

KIDOGO KWA NANI?

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Maneno ya udogo si maneno ya bure. Ukitaka kujua kitu ni kidogo au kikubwa, muulize kwanza anayesema amekaa wapi.

Mnakumbuka "vijisenti"? Mwaka 2008 waziri mmoja wa wakati huo aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokuwa kwenye akaunti nje ya nchi. Akaziita vijisenti. Kiswahili chetu ni kitamu jamani: senti yenyewe ni ndogo, ukiweka vi- ni ndogo zaidi, ukiongeza na -ji- inakuwa vumbi kabisa. Nchi nzima ilichukia. Kwa nini? Alichoita vumbi, kwa mama anayepanga mafungu ya nyanya sokoni ni fedha ambayo hata wajukuu wa wajukuu zake wasingeimaliza.

Chukua na kangomba. Wasiotoka Kusini labda hamuijui. Ni ule mtindo wa mlanguzi kumfuata mkulima wa korosho wakati wa njaa, kabla ya msimu, na kununua korosho zake kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, kwa bei ya kutupa. Mlanguzi akiulizwa atasema, aah, si nimempa hela kidogo ya kumsaidia. Kidogo. Lakini kidogo hicho ni mavuno ya mwaka mzima wa mtu.

Na nikumbushe hapa nyumbani, mwaka 2013. Watu wa Mtwara waliingia barabarani kuhusu gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Kulikuwa na vifo, nyumba zilichomwa, mji ulinyamaza kwa siku kadhaa. Wengi huko Dar waliwashangaa: watu hawa wana nini, hawataki maendeleo? Hawakujua kuwa wanazungumza na mji uliozaliwa kwa ahadi. Mji ambao babu zake waliambiwa karanga zinakuja, reli imekuja, wakaiona reli ikiondoka. Mtu aliyewahi kunyang'anywa treni akisikia neno "bomba" atauliza maswali. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Maswali mengine bado yapo.

Kwa hiyo tunapoazima neno, tunaazima na jicho la aliyelitunga. "Peanuts" ni neno la mtu aliyeketi kwenye kiti cha mbele ukumbini, akageuka nyuma, akawaona wale wa viti vya juu wakitafuna karanga zao, akawadharau. Sisi tulio viti vya juu tunalichukua neno lake na kujitukania wenyewe. Tunamtukana na aliyetukaangia.

Sisemi tusilalamikie malipo madogo. Jamani! Malipo ni madogo, na nitaendelea kupiga kelele mpaka yaongezwe. Kinachonikera mimi ni kuipa karanga lawama ambayo si yake. Sema unalipwa kidogo. Sema unalipwa ujira wa kuhuzunisha. Sema unanyonywa. Kiswahili hakijakosa neno hapo. Hata kiduchu lipo.

Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia mama mdogo kupepeta. Nikamwomba anipigie hesabu zake, maana katika miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Akanitajia moja moja bila daftari: gunia analinunua kwa nani, linatoa visado vingapi, ngapi huoza, mkaa kiasi gani, karatasi za kufungia anazipata wapi, siku za mvua anapoteza nini, siku za mechi anaingiza nini. Anajua karanga za udongo wa kichanga wa huku zinakaukaje, na zikiletwa za bara anazitambua kwa kuzibinya tu. Katika miaka yote hajawahi kufuta hata shilingi moja vitabuni. Angefuta, tungelala njaa.

Nikawaza ile timu ya wiki tisa ya mwaka 1946. Laiti wangeshuka kwenye ndege, wakakaa kwenye kigoda na mwanamke mmoja wa aina hii, wakamwuliza swali moja tu: mama, karanga inataka nini?

Basi likawa tayari. Mama mdogo akanipa karanga za njiani, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari kama pembe. Nikataka kumlipa. Akakataa.

"Weka hela yako," akasema. "Si ulisema wanakulipa kidogo?"

Hakusema peanuts. Alisema kidogo, kwa Kiswahili.

Wewe je, msomaji wangu, ni neno gani la watu unalolitumia kila siku bila kujua linamtukana nani nyumbani kwenu? Hebu lichunguze. Nami naenda kumdai mhariri wangu.